Ardhi Iliyoahidiwa na Ardhi Iliyopimwa

Hotuba ya sekretarieti mbele ya wenyeviti na makatibu wa kamati za parokia, pamoja na wawakilishi wa wafadhili. Inachapishwa hapa kwa ombi la washiriki.



 Tunawashukuru akina mama walioko jikoni. Harufu ya chakula imeshafika hapa ukumbini, kwa hiyo tutajitahidi tusiwachoshe.

Tumeombwa tujibu swali moja. Wafadhili wametuuliza kwa barua, na baadhi ya kamati zimetuuliza kwa mdomo, tena kwa ukali kidogo. Kwa nini katika bajeti ya kuzihamishia familia mahali papya tumeweka fungu kubwa kwa ajili ya mpima ardhi, daftari la majina na hati, wakati fedha hizo zingeweza kununua mabati na mahindi? Mabati yanaonekana. Mgeni akija anayapiga picha. Hati inakaa kabatini.

Ni swali la haki. Tungeweza kulijibu kwa kutaja kanuni za usimamizi wa miradi, lakini tumeona ni afadhali tulijibu kwa kisa cha kweli. Ni kisa cha watu waliohamishwa zaidi ya miaka 200 iliyopita, mbali na hapa, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Tumekichagua kwa sababu waliowahamisha walikuwa na meli, walikuwa na fedha, na baadhi yao walikuwa na nia njema. Hata hivyo maelfu ya watu waliachwa na njaa. Tujiulize pamoja walikosa nini.

Watu wa upande ulioshindwa

Kati ya mwaka 1775 na 1783 makoloni 13 ya Uingereza huko Amerika Kaskazini yalipigana vita ili yajitoe chini ya Mfalme George wa Tatu, na yakashinda. Ndivyo ilivyozaliwa nchi ya Marekani. Lakini si kila mkazi wa makoloni hayo aliyetaka kujitenga. Wengi walibaki upande wa Mfalme: wakulima, wafanyabiashara, makasisi, askari, na watu wa baadhi ya mataifa ya wenyeji kama Wamohawk. Hapa tutawaita Watiifu.

Vita ilipokwisha, wengi wao walikuwa wamenyang'anywa mashamba na nyumba. Mkataba wa amani uliotiwa saini Paris tarehe 3 Septemba 1783 ulisema kwamba bunge la Marekani litazishauri serikali za majimbo ziwarudishie mali zao. Ushauri ni ushauri tu. Majimbo mengi hayakuujali.

Wanahistoria wanakadiria kuwa Watiifu wapatao 60,000 waliihama nchi, wakiwa na watumwa wapatao 15,000. Kundi kubwa kuliko yote, zaidi ya watu 30,000, lilipelekwa Nova Scotia, katika nchi ambayo leo ni Kanada. Walikuwa wengi kiasi kwamba mwaka 1784 sehemu ya koloni hilo ilikatwa na kufanywa koloni jipya la New Brunswick. Wengine walikwenda Quebec, Uingereza, Jamaica na visiwa vya Bahamas. Wapo waliokimbilia Florida Mashariki, wakaanza kujenga na kulima, kisha wakaambiwa kwamba Uingereza imeirudisha Florida kwa Hispania. Wakafunga mizigo na kuhama kwa mara ya pili.

Miongoni mwa Watiifu walikuwamo watu weusi waliotoroka utumwani. Novemba 1775 Lord Dunmore, gavana wa Virginia, alitangaza kwamba watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi la Mfalme watakuwa huru. Mwaka 1779 Jenerali Henry Clinton aliipanua ahadi hiyo: mtumwa wa mwasi atakayekimbilia upande wa Waingereza atakuwa salama, na atafanya kazi aipendayo. Tusijidanganye, ahadi hizo zilitolewa kwa hesabu za vita. Watumwa wa Watiifu wenyewe hawakuguswa nazo. Hata hivyo maelfu waliziamini, wakavuka mito na misitu usiku ili wazifikie.

Mmoja wao alikuwa Harry Washington. Alikuwa mtumwa katika shamba la Mount Vernon, mali ya George Washington, mtu yule yule aliyeongoza jeshi la Marekani na baadaye akawa rais wa kwanza. Harry alitoroka mwaka 1776. Tutamfuata katika hotuba hii yote, maana njia yake inapita kila mahali tunapotaka kupatazama.

Daftari lililookoa watu

Mwaka 1783 ngome kubwa ya mwisho ya Waingereza ilikuwa mji wa New York. Watoro wengi walikuwa wamejibanza humo. Mkataba wa amani ulikuwa na kipengele kilichowakataza Waingereza kuondoka na watu weusi waliohesabiwa kuwa mali ya Wamarekani. Mabwana walianza kufika New York kuwatafuta watumwa wao. Boston King, fundi seremala aliyekuwa mmoja wa watoro hao, aliandika baadaye kwamba hofu iliwafanya wakose usingizi na hamu ya kula, kwa kuwa wenzao walikuwa wakikamatwa barabarani na hata vitandani.

Kamanda wa Waingereza, Sir Guy Carleton, alikutana na George Washington mwezi Mei 1783. Washington alidai watumwa warudishwe. Carleton alikataa. Msimamo wake ulikuwa kwamba watu hao walikwisha kuahidiwa uhuru kabla ya mkataba, na kuivunja ahadi hiyo ni aibu kwa taifa. Lakini hakuishia kwenye maneno. Aliagiza kila mtu mweusi anayepanda meli aandikwe daftarini: jina, umri, maelezo ya sura yake, bwana aliyekuwa akimmiliki, na meli anayosafiria. Kusudi la serikali lilikuwa kuweka kumbukumbu, endapo baadaye mabwana watadai fidia. Daftari hilo linajulikana kwa jina la Book of Negroes, na lina majina ya watu wapatao 3,000, wanaume, wanawake na watoto. Sambamba na daftari, Brigedia Jenerali Samuel Birch aliwapa waliostahili cheti cha kuruhusiwa kuondoka.

Harry Washington yumo katika daftari hilo, akiwa na umri wa miaka 43, na jina la bwana wake wa zamani limeandikwa pembeni. Julai 1783 alipanda meli kwenda Nova Scotia.

Ndugu wanakamati, tukazie jambo hili. Watu hao hawakulindwa na hotuba ya jenerali. Walilindwa na mstari mmoja wa wino na kipande cha karatasi walichokishika mkononi walipofika gatini. Tunapowaomba muandike majina ya familia kwa ukamilifu, tena jina la kila mtu na siyo la baba peke yake, msituone kama watu wa ofisini wanaopenda makaratasi.

Ahadi ya ekari

Huko walikokwenda, serikali iliwaahidi Watiifu mambo matatu: ardhi, vifaa, na chakula cha kuanzia. Kwa kawaida kichwa cha familia aliahidiwa ekari 100, na ekari 50 zaidi kwa kila mtu wa nyumbani mwake. Maofisa wa jeshi waliahidiwa zaidi, hadi ekari 1,000 kwa wenye vyeo vya juu. Mgao wa chakula ulipangwa kwa miaka 3: mwaka wa kwanza mgao kamili, wa pili theluthi mbili, wa tatu theluthi moja. Mpango huo ulikuwa na busara. Mtu anafyeka mwaka wa kwanza, anapanda, anavuna, na kadiri mavuno yanavyoongezeka ndivyo mgao unavyopungua.

Lakini mpango mzima ulisimama juu ya jambo moja: kwamba mtu atakuwa shambani kwake tangu mwanzo. Na hakuna anayeweza kupewa shamba kabla halijapimwa.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Wapimaji walikuwa wachache, na watu walishuka kwa maelfu katika miezi michache. Misitu ilikuwa minene, ardhi ya pwani ilikuwa na mawe na vinamasi, na majira ya baridi yalisimamisha kazi. Sehemu kubwa ya ardhi nzuri ilikuwa imekwisha kugawiwa zamani kwa watu ambao hawakuiendeleza, ikabidi kwanza irudishwe serikalini kisheria. Katika foleni hiyo ndefu, waliotangulia ni wale waliokuwa na mali kubwa na vyeo. Askari wa kawaida walifuata. Watu weusi waliwekwa mwisho.

Shelburne, kusini mwa Nova Scotia, ulikuwa mji uliochipuka kwa ghafla. Mwanzoni mwa 1783 palikuwa na msitu. Mwaka uliofuata palikuwa na watu wapatao 10,000. Ng'ambo ya bandari hiyo watu weusi walipewa mahali pao, wakapaita Birchtown, kwa heshima ya yule jenerali aliyewatilia saini vyeti. Mwaka 1784 walihesabiwa hapo watu zaidi ya 1,500, na Harry Washington alikuwa mkazi wa hapo. Huo ulikuwa mji mkubwa kuliko yote ya watu weusi huru katika Amerika Kaskazini.

Walipewa viwanja vya kujenga. Mashamba waliambiwa wasubiri. Wengi walipitisha baridi ya kwanza katika mashimo waliyochimba ardhini na kuyaezeka kwa miti. Walisubiri mwaka mmoja, miwili, mitatu. Mwaka 1788, miaka 5 baada ya kushuka melini, familia 184 za Birchtown zilipata mashamba, kwa wastani wa ekari 34, na mengi yalikuwa ya mawe. Familia nyingine hazikupata kitu. Kufikia hapo mgao wa chakula ulikuwa umekwisha kukoma.

Mtu asiye na shamba

Mtu asiye na shamba katika nchi ya wakulima hana budi kufanya kazi kwa mwingine, tena kwa masharti ya mwingine. Watu wa Birchtown walifanya vibarua Shelburne kwa ujira mdogo kuliko wazungu. Wengine waliingia kwenye mikataba ya utumishi wa miaka mingi ambayo hawakuweza kuisoma. Wengine walilima mashamba ya watu kwa kugawana mavuno, na kila mwaka deni likakua. Walikuwa huru kwa cheti, lakini njaa iliwarudisha chini ya mabwana.

Ugomvi ukafuata. Askari wazungu walioachishwa jeshi nao walikuwa hawajapata ardhi yao, nao walikuwa wakitafuta vibarua. Hasira yao haikuwaendea waliochelewesha upimaji. Iliwaendea waliokuwa chini yao. Julai 1784 kundi lao liliwavamia watu weusi waliokuwa wakiishi Shelburne, likabomoa nyumba zao zipatazo 20. Nyumba ya mchungaji David George, Mbaptisti, ilibomolewa pia, na mwenyewe alipigwa na kufukuzwa. Mpima ardhi wa mji, Benjamin Marston, alilazimika kukimbilia Halifax, kwa kuwa wazungu nao walimlaumu kwa ucheleweshaji na ugawaji wa viwanja. Watu maskini wa pande mbili walipigana, na kiini cha ugomvi kilikuwa ardhi ambayo haijapimwa.

Mwaka 1789 njaa ilizidi. Boston King aliandika kwamba aliona watu wakianguka na kufa barabarani, na wengine wakila mbwa na paka. Yeye mwenyewe alitengeneza sanduku la mbao, akalibeba katika theluji nzito hadi kwa mnunuzi, na mnunuzi akalikataa. Akarudi nyumbani, akatengeneza jingine, na hilo likampatia mahindi. Hakuwa mvivu mtu huyo. Ufundi alikuwa nao. Kilichokosekana ni shamba.

Tuongeze kwamba njaa haikubagua kabisa. Huko Quebec magharibi, ambako leo ni Ontario, Watiifu wazungu nao walipata mwaka wa njaa kati ya 1788 na 1789, mgao wa serikali ulipokwisha na mavuno yakakosekana. Lakini mzungu aliyekuwa na hati alikuwa na kitu cha kukopea na mahali pa kuanzia upya. Serikali ya Uingereza pia iliunda tume ya kusikiliza madai ya Watiifu waliopoteza mali. Tume ilipokea madai zaidi ya 3,000 na hatimaye zililipwa takriban pauni milioni 3. Watu weusi wachache waliothubutu kudai, wengi wao walikataliwa. Waliambiwa kwamba wamekwisha kupata uhuru, basi wanataka nini tena.

Waumini walijipanga wenyewe

Hatupendi mtoke hapa mkidhani kwamba watu hao walikaa tu wakilia. Makanisa yao yalikuwa ndiyo kamati zao. David George alianzisha makanisa ya Kibaptisti sehemu mbalimbali za Nova Scotia. Moses Wilkinson, Mmethodisti aliyekuwa kipofu, aliwaongoza waumini wengi Birchtown. Boston King naye alihubiri. Katika nyumba hizo za ibada watu walifarijiana na kupashana habari.

Na kulikuwa na Thomas Peters. Alitoroka utumwani North Carolina mwaka 1776, akatumikia kikosi kilichoitwa Black Pioneers hadi cheo cha sajini. Yeye na wenzake walidai ardhi yao Nova Scotia na New Brunswick kwa miaka 6 bila kuipata. Mwaka 1790 alifunga safari hadi London akiwa na ombi la familia zaidi ya 200. Fikirini ujasiri huo: mtu aliyewahi kuwa mtumwa, akivuka bahari ambako angeweza kukamatwa na kuuzwa tena, ili aiambie serikali kwamba haijatimiza neno lake.

Alisikilizwa. London alikutana na watu waliokuwa wakipigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, akiwamo Granville Sharp. Kampuni iliyoitwa Sierra Leone Company ilikuwa inaundwa ili kuanzisha makazi Afrika Magharibi. Kampuni ilikubali kuwapokea, na serikali ikakubali kulipa nauli. Baadhi ya viongozi wa kampuni hiyo, kama Henry Thornton, ndio walioshiriki mwaka 1799 kuanzisha Church Missionary Society, chama ambacho mwaka 1875 kilianzisha makazi ya watumwa walioachwa huru pale Frere Town, Mombasa. Kwa hiyo mkondo wa historia hii ulifika hadi kwetu.

Ahadi ya pili

Oktoba 1791 Luteni John Clarkson wa jeshi la majini alifika Nova Scotia kuandikisha watu. Alizungumza katika kanisa la Moses Wilkinson pale Birchtown. Aliwaeleza ahadi ya kampuni: ekari 20 kwa kila mwanamume, 10 kwa mkewe, na 5 kwa kila mtoto. Walimwuliza kuhusu kodi ya ardhi. Walikuwa wamejifunza kuuliza. Akawahakikishia kwamba hawatatozwa.

Wenye madeni na waliofungwa na mikataba ya utumishi hawakuruhusiwa kuondoka. Clarkson aliandika katika shajara yake habari za mtumwa mmoja aliyemjia akilia ili kumkabidhi mke wake na watoto, waliokuwa huru, wapate kwenda ingawa yeye hawezi. Tarehe 15 Januari 1792 meli 15 ziliondoka Halifax zikiwa na watu karibu 1,200. Wapatao 65 walifariki njiani. Mwezi Machi waliobaki waliuanzisha mji wa Freetown. Harry Washington alikuwa miongoni mwao, na David George, na Boston King, na Thomas Peters, ambaye alifariki Juni mwaka huo huo.

Je, safari hii ardhi ilipimwa kwa wakati? La. Mvua kubwa zilianza watu wakiwa hawajajenga, na homa iliwaua wengi. Upimaji ulichelewa tena, na mashamba yalipotolewa yalikuwa madogo kuliko yaliyoahidiwa. Clarkson, aliyekuwa gavana na aliyependwa, aliondoka mwishoni mwa 1792 na hakurudishwa kazini. Kampuni ikaja na kodi ya ardhi. Wakurugenzi walisema makazi lazima yajigharimie. Walowezi wakasema tuliambiwa hakuna kodi, na mtu anayelipa kodi kwa shamba lake ni mpangaji tu. Mwaka 1793 walituma wawakilishi wawili London, Isaac Anderson na Cato Perkins, wakarudi mikono mitupu.

Mwaka 1800 baadhi yao waliasi. Waliopelekwa kuwazima walikuwa Wamaroon, watu weusi kutoka Jamaica ambao nao walikuwa wamehamishiwa Nova Scotia na kisha Sierra Leone, na ndio kwanza walikuwa wameshuka melini. Watu wawili walinyongwa, mmoja wao Isaac Anderson. Wengine zaidi ya 30 walifukuzwa Freetown. Harry Washington, ambaye kwa kumbukumbu za daftari alikuwa na miaka 60 hivi, alihukumiwa kufukuzwa. Mtu huyo alimtoroka George Washington, alivumilia miaka 8 ya Nova Scotia, akavuka Atlantiki, na mwisho akapoteza makao kwa sababu ya kodi ambayo aliahidiwa kwamba haitakuwapo.

Ardhi ilikuwa ya nani?

Lipo jambo jingine ambalo watoaji wa ahadi hawakulipa uzito. Ardhi ya Nova Scotia iliyogawiwa Watiifu ilikuwa nchi ya Wamikmaq, waliokuwa wakiwinda na kuvua humo tangu zamani. Wao walisukumwa pembeni. Sierra Leone ilikuwa nchi ya Watemne. Kundi la kwanza la watu weusi kutoka London lilifika huko mwaka 1787, na mwaka 1789 mji wao uliteketezwa katika ugomvi na chifu wa jirani. Kusaini karatasi na mtu mmoja si sawa na kukubaliana na wenye ardhi. Maandiko yanatuonya tusihamishe alama ya mpaka wa jirani, na onyo hilo linamhusu pia anayehamisha mpaka kwa nia ya kumsaidia mtu wa tatu.

Tunajifunza nini?

Ndugu wapendwa, nasi hatuna mikono safi. Mwaka mmoja baada ya mafuriko tuliziambia familia kadhaa kwamba viwanja vyao vitapimwa mwezi ujao. Tuligawa mahindi na mablanketi, tukapiga picha, tukaandika ripoti nzuri. Upimaji ulikuja baada ya misimu miwili ya mvua. Mama mmoja alituuliza, bila hasira yoyote: "Mwezi ujao wenu una siku ngapi?" Hatukuwa na jibu. Fungu la upimaji mnaloliona katika bajeti limetokana na swali la mama huyo.

Kwa hiyo tunazipendekezea kamati zetu mambo manne.

Kwanza, daftari litangulie. Kila mtu aandikwe kwa jina lake, mjane kwa jina lake, yatima kwa jina lake, na nakala ikae kwa familia.

Pili, upimaji uanze kabla ya mgao wa kwanza, na wasio na sauti wasiwekwe mwisho wa foleni. Kamati ipange foleni hadharani, kwa kura ikibidi, ili cheo na undugu visiingie.

Tatu, masharti yote yasemwe siku ya kwanza. Kama kutakuwa na mchango, ada au kodi, familia zijue kabla hazijahama. Sharti linaloletwa baadaye ni ahadi iliyovunjwa, hata kama hesabu zake ni sahihi. Na anayetoa ahadi asiondoke bila kuiacha kwa maandishi kwa anayempokea kazi.

Nne, tuwaulize wenyeji wa mahali, wote na si kiongozi peke yake, na majibu yao yaandikwe.

Kwenu wafadhili wetu tuna ombi moja. Hatuwaombi muache kutoa mabati na mahindi. Familia haiwezi kula hati. Tunawaomba mkubali kwamba mwaka wa kwanza ripoti yetu itakuwa na picha chache. Kutakuwa na kamba, vigingi, mawe ya mpaka, na watu wazima wamesimama juani wakibishana kuhusu mti uko upande gani. Mvumilie. Pale Birchtown leo kuna kituo cha kumbukumbu kilichofunguliwa mwaka 2015, ambapo wageni huja kusoma habari za Watiifu weusi. Majina yamehifadhiwa vizuri, kwa sababu yaliandikwa. Laiti mashamba nayo yangepimwa kwa uangalifu ule ule.

Huo ndio mchango wetu wa leo. Maswali tutayapokea baada ya chakula, na tunaomba yawe makali kama lile lililotuleta hapa.